Salongo ya Pilipili

Jumamosi asubuhi, mtaani kwao Godelive, ni saa ya salongo, usafi wa watu wote. Mifagio inalia kuanzia juu ya mlima hadi chini barabarani, mifereji inazibuliwa, na mtoto anayeonekana amekaa bure hupewa koleo bila kuulizwa jina. Godelive, msichana wa miaka kumi na miwili, hakungoja kupewa. Alifagia ua, akaosha sufuria, akapangusa madirisha, kisha akatafuta kitu kingine cha kung'arisha. Macho yake yakatua kwenye tangi la kioo lililokuwa juu ya kabati.

Ndani ya tangi lile aliishi Pilipili, samaki mwekundu mwenye mkia mwepesi kama hariri. Hakuwa wa Godelive. Larissa, rafiki yake wa darasani, alikuwa amekwenda Kamanyola kwa nyanya yake, akamwachia samaki huyo kwa sharti moja tu: amkute hai. Angerudi Jumatatu.

"Leo na weye utafanyiwa salongo," Godelive alimwambia samaki.

Binamu yake Aimée, aliyekuwa akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu, mlangoni, aliinua kichwa. Walikuwa rika moja. Aimée alikuja kutoka Bunyakiri mwaka ule ili asome mjini, na baba yake alifuga samaki katika mabwawa. Akamwonya kwamba kwao hakuna anayemwaga maji yote kwa siku moja. Huondolewa kidogo, huongezwa kidogo.

"Kwenu ni matope," Godelive alimjibu. "Huku ni mujini. Sisi tunapenda maji safi."

Vidole vya Aimée vikaanza kunyofoa majani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Godelive akamtia Pilipili katika bakuli, akamwaga maji yote, akasugua kioo na vijiwe vya ndani kwa sabuni na javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Kisha akachukua maji bora kuliko yote nyumbani, yale ya kunywa yaliyokuwa katika bidoni, dumu la plastiki. Mama yake, maman Eulalie, aliyatia matone ya javeli kila siku ili kipindupindu kisipate njia. Tangi likang'aa kama dirisha la duka.

Saa nane mchana Pilipili alikuwa juu kabisa ya maji, akihema kwa mdomo wazi. Matamvua yake, yaani pale chini ya mashavu anapopumulia, yaliwaka mekundu kama kidonda, na mwili ulifunikwa na utelezi mweupe.

Godelive aliingiwa na woga, na woga ule ukageuka hasira kabla haujafika mdomoni. Akamgeukia Aimée, akadai ni yeye aliyemlisha samaki fufu, ugali wa muhogo, kwani watu wa kijijini wakiona mdomo wazi lazima wautie fufu. Aimée alisema hakuligusa tangi. Godelive akazidi kupaza sauti mpaka maman Eulalie akatoka jikoni, na kwa kuwa mwenye sauti kubwa ndiye aliyesikika, ndiye aliyeaminiwa. Aimée akakatazwa kulikaribia kabati. Alibaki amesimama, macho makavu, taya zimekaza.

Godelive akateremka mbio hadi Nyawera kwa papa Évariste, baba mmoja kinyozi. Katika saluni yake papa Évariste alifuga samaki wa rangi ili watoto watulie wakinyolewa, na hakuna mtaani aliyejua samaki kumshinda. Ila hakuwa mtu wa maneno matamu. Bila kuzima mashine alimwuliza maswali matatu: maji yalitoka wapi, tangi lilioshwa kwa kitu gani, na maji kiasi gani yalibadilishwa.

Godelive angeweza kumwokoa Pilipili palepale kwa sentensi moja. Badala yake alisema kwamba hakuna kilichooshwa. Ni binamu yake wa kijijini aliyetupa fufu ndani.

Basi ni chakula kilichooza, kinyozi akasema. Apunguze robo ya maji, aongeze mengine mapya, asimlishe samaki siku mbili. Godelive akarudi, akapunguza robo, akaongeza mengine kutoka bidoni ileile.

Jua lilipoanza kushuka, Pilipili alilala ubavu.

Godelive akaanza kumlaani kinyozi na dawa zake. Hapo Aimée akainuka. Hasira aliyoimeza tangu asubuhi ilikuwa imepata mlango.

"Lete mikono yako," alisema. Akamshika viganja, akavinusa, akavisukuma mbele ya pua ya mwenyewe. "Ni javeli. Iko inanuka mpaka sasa. Miye ulinisingizia juu ya kuwa niko wa Bunyakiri. Sawa. Na ule samaki, yeye alikukosea nini?"

Godelive akavuta viganja vyake, akavinusa mwenyewe. Ndipo alipojijua. Kutwa nzima alikuwa amemchukia Aimée si kwa kukosea, bali kwa kutokosea.

Alimtia Pilipili ndooni, akateremka tena, akasema yote mbele ya wateja wawili na mtoto mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Safari hii papa Évariste alizima mashine. Akainamia ndoo, akanusa, akabamiza kitana mezani.

"Nilitoa dawa ya uongo wako," alisema. "Miye si mulozi, siwezi kuona yenye haukusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na weye hata haukuficha yako. Ulificha maradhi ya mwenye hana mudomo."

Akachota maji kutoka tangi lake mwenyewe, maji yaliyokwisha kuzoeana na samaki, akayatia katika beseni, akamhamishia Pilipili humo. Huku akichota na kumimina kikombe baada ya kikombe ili hewa iingie, alieleza kwa ukali uleule. Javeli inaua vijidudu vya kipindupindu, kwa hiyo mama yake asiiache. Lakini inaunguza matamvua ya samaki, na inaua vijidudu vyema vya kwenye vijiwe, vile vinavyokula uchafu wake. Maji ya bomba yaachwe katika beseni lililo wazi siku mbili kabla ya kumpa. Yabadilishwe robo tu. Vijiwe visiguswe na sabuni.

Jumapili, nyumbani ndani ya maji aliyopewa na kinyozi, Pilipili alikuwa bado anainama upande. Jumatatu alisimama wima, akaanza kuogelea polepole. Larissa alipofika, Godelive alimsimulia mwenyewe, bila kupunguza neno. Larissa akambeba samaki wake mzima, akaondoka bila kuaga.

Maman Eulalie aliwaita wasichana wote wawili. Kwanza alimwomba Aimée radhi kwa kuamini kelele. Kisha Godelive naye akaomba msamaha, kwa sauti ndogo.

"Nimesikia," Aimée alisema. "Lakini hasira yangu haijaisha."

Godelive akamtazama mama yake, kana kwamba anashtaki.

"Usiniangalie miye," maman Eulalie alisema. "Ile hasira ni haki yake, itaisha siku yenye itaisha. Kutojua maji ya samaki si kosa kubwa, mutu anajifunza. Uongo ndio ulitaka kuua, juu ulifungia dawa mulango. Ukikasirika tena, jiulize kwanza: nimekasirikia mutu, ao nimekasirikia ukweli wenye anasema? Kisha useme ukweli, hata siku yenye hakuna samaki anakufa."