Usingizi wa Nyuma ya Rafu

Kiti kilikuwa na joto.

Caritas aliweka kiganja juu ya ubao wa kile kiti, akakiacha pale kwa muda. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, maktaba haijafunguliwa, na ufunguo wa mlango alikuwa nao yeye mwenyewe. Joto lile lilikuwa la mtu aliyekaa muda mrefu, akainuka sasa hivi. Akavuta pumzi. Kona nzima ilinuka udongo uliopigwa na mvua, na huo ulikuwa mwezi wa saba, watu wameshaisahau mvua ya mwisho.

Hakupiga kelele. Kupiga kelele kunataka nguvu. Alikipangusa kiti, akaenda kufungua madirisha.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Mumewe, Népomuscène, fundi wa redio, alikwenda mtaa wa Kamenge kumchukua mama yake siku ya pili ya machafuko ya tisini na tatu, na hadi leo hakurudi. Tangu hapo Caritas hakupata kulala zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Usiku milio ya risasi ilitoka milimani. Mchana alikaa kwenye dawati la maktaba ndogo ya mtaa wa Rohero, akiwatazama wasomaji watatu, wanne, waliokuja kushika vitabu bila kugeuza kurasa. Kitabu kipya hakikuingia mle kwa miaka minne.

Kisha kilikuja kifurushi kutoka Kigoma, kwa meli, na ndani yake mlikuwa na kijitabu kimoja tu cha Kifaransa, kilichoandikwa kwa ajili ya wakutubi: jinsi ya kuboresha maktaba. Caritas alikisoma saa za mapumziko ya mchana kama mtu anavyosoma barua ya ndugu. Hakikutaja vita. Kilizungumzia viti, mwanga, mahali pa msomaji kutuliza roho yake. Msomaji aliyekaa vizuri, kilisema, atarudi. Rafu isizibe dirisha.

Rafu ya ukuta wa nyuma iliziba dirisha.

"Ile usiiguse, Mama Caritas," alisema Massoudi. Huyu alikuwa mfanyakazi mwenzake wa pekee, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi aliyejalidi vitabu pale kwa miaka ishirini. "Mzee Méthode, ule mukubwa wetu wa zamani, yeye njo aliiweka pale. Alisema ibaki."

"Kwa sababu gani?"

"Mi sijue. Alisema tu ibaki."

"Massoudi, mi nimechoka. Niachie hata kitu kimoja kiwe kizuri humu ndani."

Massoudi akamtazama, akainama, akashika upande wake wa rafu. Nyuma yake walikuta kichumba kidogo ndani ya ukuta, cha kutosha watu sita, na dirisha lililopakwa rangi nyeusi. Caritas alikwangua rangi ile kwa kisu siku mbili. Akaweka viti vinne na mkeka. Hiyo ndiyo kona ambamo wiki moja baadaye alikuta kiti kina joto.

Wasomaji walikuja. Kijitabu kilisema kweli. Wa kwanza alikuwa Joëlla, mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana mwenye macho mekundu. Alikaa konani na kitabu cha sheria, na kabla ya ukurasa wa pili kichwa kilikuwa kimeanguka kifuani. Alilala saa tatu. Aliamka uso umelainika kama wa mtoto mchanga. Kesho yake alimleta mwenzake. Akaja Adélaïde, mama wa makamo aliyepoteza wanawe watatu siku moja, ambaye hakujua hata kusoma. Wiki ya tatu watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni. Caritas hakuwafukuza. Aliwatazama wamelala pale, midomo wazi, katika mji ambao hakuna aliyelala, akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu vita vianze ametoa huduma.

Ila siku moja, mchana, aliposimama nje ya kona akiwasikiliza, alisikia pumzi. Wamelala watu sita. Alisikiliza pumzi ya kila mmoja, ile ya Joëlla nyembamba, ile ya Adélaïde yenye mkoromo, akafika ya sita, na chini yake ikawapo nyingine, nzito, ya polepole, inayoingia ndani wakati zote sita zinatoka nje.

Alhamisi ya wiki ile mama yake Joëlla, aitwaye Léocadie, aliingia akimkokota binti yake kwa mkono.

"Ni wewe mwenye maktaba?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelia akamaliza. "Muulize mutoto wangu mi ni nani."

Caritas akamgeukia Joëlla. Msichana alitabasamu kwa adabu.

"Mama huyu ananifuata tangu asubuhi," alinong'ona. "Nadhani amepoteza mutu. Tumusaidie."

"Kwanza alisahau kaka yake aliyeuawa," alisema Léocadie. "Nikasema heri, apumuzike. Halafu akasahau baba yake. Sasa mimi. Mimi niko hai, Mama! Mumefanya nini humu?"

Caritas alifunga maktaba mchana uleule. Massoudi alikwenda msikitini kuswali adhuhuri, na yeye akabaki peke yake kuviondoa viti. Alikusudia kuviondoa. Alishika cha kwanza, kikawa na joto, na ile harufu ya mvua ikamzunguka, na miguu, ambayo ilimbeba miaka minne bila kulalamika, ikamwomba dakika moja tu, na yeye akaona kwamba dakika moja si kitu, kwamba mtu anaweza kukaa dakika moja akainuka, kwamba hata wakubwa hukaa, na alipokwisha kukaa akahisi mkono, baridi na mwangalifu kama mkono wa muuguzi, ukipita nyuma ya shingo yake, ukishuka bega moja baada ya jingine, ukitafuta mahali mzigo ulipofungwa, ukapata fundo, ukaanza kulifungua.

Massoudi ndiye aliyemwamsha, akimtikisa kwa mikono miwili.

"Mama! Mama Caritas! Iko saa kumi! Ulikuwa unazungumuza na mutu!"

"Na nani?"

"Mi sijue na nani. Ulikuwa unamuelezea bwana yako. Vile anakula, vile anatembea. Na yeye anasema, endelea."

Mwili wake ulikuwa mwepesi. Hakukuwa na maumivu popote. Alijaribu kumwita Népomuscène kichwani, kama alivyofanya kila jioni, akaja mwanamume aliyempa mgongo. Akamwita tena. Mgongo uleule, shati bila rangi. Uso haukuwapo.

Ijumaa, baada ya sala, Massoudi alimleta Bibi Raihana kutoka Buyenzi, mwanamke mnene, mfupi wa pumzi, aliyetibu watu wenye majini kwa Kurani na ubani tangu kabla ya uhuru. Léocadie akamleta Joëlla. Bibi Raihana alimkalisha msichana konani, akawasha ubani, akasoma Ayatul Kursi mara saba. Mara ya saba harufu ya mvua ikazidi ile ya ubani, kioo cha dirisha kikaota ukungu upande wa ndani, na Joëlla akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kikongwe, imechoka kuliko wao wote.

"Munanisumbua sababu gani?"

"Toka kwa mutoto wa watu," alisema Bibi Raihana.

"Mi sikumuita mutu. Mulinifungulia. Mukaniwekea viti. Kila mutu alikuja na muzigo wake, akauweka chini, mi nikauokota. Kosa yangu iko wapi?"

"Rudisha."

"Wafu nimeshawakula."

"Rudisha wazima, basi, kwa jina la Mwenyezi Mungu, ama nikuchome."

Halafu Caritas, ambaye aliambiwa asiseme neno, akasema.

"Bwana yangu. Naomba uso wake tu."

Kichwa cha Joëlla kikageuka kwake polepole.

"Ule wa redio?" Sauti ikalainika. "Alikuwa na pengo hapa, upande wa kushoto. Alikuwa anaimba akikaza skurubu, na wimbo haujui. Ulikuwa unamucheka. Hukumbuki?"

Caritas hakukumbuka. Alisikiliza habari za mumewe kama habari za jirani wa mtu mwingine, machozi yakimtoka kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Bibi Raihana akapiga kofi chini, akasoma kwa sauti kubwa, na kioo cha dirisha kikapasuka kutoka kona hadi kona. Joëlla akaanguka. Alipoinuka alimwona Léocadie, akasema, "Maman," akaanza kulia kwa ajili ya kaka asiyemkumbuka, ambaye yeye aliambiwa tu kwamba alikuwa naye.

"Ametoka," alisema Bibi Raihana, akijifuta jasho. Lakini hakuitazama kona aliposema. "Rudisheni ile rafu, na mutu asikae hapa tena."

Walipaka dirisha rangi, wakaisukuma rafu mahali pake, wakavipanga vitabu vyote. Wasomaji wakarudi kuwa watatu, wanne. Caritas akarudi kutolala.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zimeanza, Adélaïde alipoingia peke yake na kusimama mbele ya dawati.

"Kile kichumba, Mama."

"Hakiko tena, Mama Adélaïde. Pole."

Adélaïde akakaa kwenye benchi. Caritas alitoka nyuma ya dawati, akakaa kando yake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Niambie watoto wako," alisema. "Walikuwa wanaitwa nani?"

"Mukubwa Bonfils," alisema Adélaïde. "Na Médiatrice. Na..." Alifumba macho, akaanza upya kwa vidole. "Bonfils. Médiatrice. Na ule mudogo. Ule mudogo, Mama. Nilimunyonyesha miaka miwili. Ule mudogo..."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nyuma ya rafu, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, sauti ilisema:

"Dieudonné."

Massoudi alisimama kwenye meza yake ya gundi, akaanza kusoma dua kwa midomo bila sauti. Adélaïde hakuogopa. Uso wake ulifunguka. Alinyanyuka, akavuka chumba, akaegemeza mikono yote miwili kwenye rafu, akaanza kusukuma.

"Mama Caritas," alisema Massoudi. "Mukataze."

Caritas alitembea hadi pale. Alisimama karibu na mbao, akasikiliza. Ndani, chini ya kelele ya mvua, mwanamume alikuwa akiimba wimbo asioujua, akikosea maneno.

Akaenda upande wa pili wa rafu, akaweka bega lake, akasukuma pamoja naye.