Mita ya Nyuma

Kila jioni akitoka shuleni, Adoch alipitia duka la Kamis pale mtaani Nateete kununua sabuni ya kufulia sare za mama yake, Sajini Apio. Lakini sabuni ilisubiri kwanza. Macho yake yalikimbilia mashine ya kamari iliyosimama kando ya mlango, ikiwaka taa na kujiimbia. Juu yake palikuwa na mita ya shilingi za zawadi kuu, iliyopanda kila mtu alipocheza mpaka mmoja azishinde, na maandishi: LAZIMA IANGUKE KABLA YA 50,000.

Wengine walicheza kwa kubahatisha. Adoch, thubutu! Yeye alikuwa na daftari. Wiki mbili nzima aliandika tarakimu za mita ile, na Jumamosi moja mita ilipofika 47,900 akajiambia, "Zimebaki elfu mbili na mia moja tu. Leo ni leo." Mfukoni alikuwa na shilingi elfu ishirini za kujiandikisha kwa mtihani wa darasa la saba, na mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu. Angezirudisha zote, kisha amnunulie mama pasi ya umeme.

Alibadilisha elfu nne, akapata sarafu ishirini za mia mbili. Mashine ikazimeza zote. Mita ikasoma 47,920.

Hata hivyo mkono wake ulirudi mfukoni.

"Wee Adoch! Toa mkono huo!" Alikuwa shangazi yake Helen, fundi wa mashine hizo, amekuja na mkoba wake wa bisibisi. "Na wewe Kamis, mtoto anacheza kamari, unatazama tu? Huna haya!"

Kamis akainamia mizani yake.

"Shangazi, mimi sibahatishi," Adoch alisisitiza. "Nimepiga hesabu."

"Umepiga nusu. Njoo huku."

Helen alifungua mlango wa nyuma wa mashine. Ndani mlikuwa na mita mbili ndogo zenye vumbi. "Hii ni ya sarafu zilizoingia, elfu arobaini. Hii ya zilizotoka, elfu ishirini na nane. Haya, mwanahesabu."

Adoch alifungua daftari. Kila kumi zinazoingia, hutoka saba. Na sarafu moja hupandisha mita ya mbele shilingi moja tu! Zilibaki 2,080. Mara mia mbili... laki nne na kumi na sita elfu. Kalamu ikasita.

"Tatu katika kila kumi hazirudi, kwa hiyo utapoteza zaidi ya laki moja na ishirini elfu," Helen akasema. "Hata zawadi ikianguka katikati ya njia, utakuwa umepoteza elfu sitini kufuata hamsini. Miaka sita naitengeneza mashine hii. Sijawahi kuitilia sarafu yangu."

Adoch alilia kwa uchungu na aibu. Usiku huo alimweleza mama kila kitu. Sajini Apio alijazia elfu nne kutoka fedha zake za chakula cha mchana. Adoch alizirudisha kwa kufagia karakana ya shangazi Jumamosi nne mfululizo, bila kukosa hata moja.

Jumamosi ya mwisho, alimkuta mwanafunzi mwenzake, Bonny, mbele ya mashine, sarafu mkononi. "Bado kidogo tu, imefika arobaini na tisa elfu!"

"Ngoja," Adoch akasema, akafungua daftari. Alimwonyesha mstari kwa mstari, mpaka Bonny akairudisha sarafu mfukoni.

Mama alipoambiwa, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Sikia mwanangu," alisema. "Bidii ulikuwa nayo, na akili unayo. Ila ulihesabu kile walichokuonyesha tu. Mtu yeyote akikuahidi fedha za haraka, mwombe kwanza akufungulie mlango wa nyuma."