Barua Ambazo Mama Hakuandika

Kila Alhamisi jioni, baada ya kuteka maji bombani na kumwogesha Antoni mdogo, Kashindye alivuta kigoda karibu na jiko la mkaa, akaweka daftari magotini na kuandika shukrani. Ndiyo ilikuwa kazi yake katika gazeti la ukutani la shule. Wenzake wa darasa la sita waliandika habari za mpira, za bustani na za wageni. Yeye alipewa kona ndogo iliyoitwa "Shukrani za Wiki". Ijumaa asubuhi Mwalimu Helena aliikagua, kisha ikabandikwa kwenye ubao mrefu wa barazani, kila apitaye asome.

Kashindye hakuwa mwenyeji wa Iyunga. Kwao kulikuwa tambarare za Usangu, mbele ya Ubaruku, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Shule ya kijiji chao iliishia darasa la nne, ndiyo maana aliletwa Mbeya kwa mjomba wake Seni, fundi wa reli mpya. Mjomba alishinda kambini na mafundi wenzake, akaja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Siku nyingi Kashindye aliishi na mke wa mjomba, mwanamke mcheshi wa Ilula aliyeitwa Mama Antoni.

Alitunzwa vizuri. Hata hivyo, ukungu wa Juni uliposhuka kutoka milimani na baridi kung'ata vidole, moyo wake ulirudi Usangu wenyewe, bila kuitwa. Alimwona mama akipita zizini alfajiri, akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Alisikia maziwa yakichuruzika kibuyuni. Kisha Antoni alilia, au treni ilipiga honi, naye akajikuta tena Iyunga.

Wiki za kwanza aliandika ukweli mtupu. "Nashukuru kwa uji wa moto. Nashukuru kwa sweta la Mama Antoni, ingawa mikono yake inanipita vidole." Watoto walisoma, wakacheka, wakaenda zao.

Lakini kila Jumatatu mstarini, mwalimu wa zamu alisoma majina ya wanafunzi waliopata barua. Yotamu, aliyekuwa na kaka anayesoma Tosamaganga, aliitwa karibu kila wiki. Jina la Kashindye halikuitwa hata mara moja.

"Sisi tunapata barua, Kashindye anapata uji," Yotamu alisema siku moja, na darasa zima likasikia. "Kwao anayeandika ni ng'ombe. Anatumia kwato."

Kashindye alicheka pamoja nao ili asilie. Ukweli ni kwamba mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Alichotuma ni salamu za mdomo, na aliyezileta ni Mzee Othmani, mfanyabiashara wa chumvi na kanga aliyekwenda minada ya Usangu kila mwezi. Akirudi, alisimamisha lori lake mbele ya lango la shule, akatoa kichwa chenye kofia ya kiua na kumwita kwa jina la baba yake, "Binti Nkuba, njoo upokee salamu zako. Mama yako anakusalimu salamu nyingi zisizo na idadi..." Wavulana waliiga sauti yake. Kashindye, uso ukimwaka kwa aibu, alijibu haraka, "Nimezipokea, mzee, ahsante," akakimbia kabla mzee hajamaliza.

Alhamisi moja mwezi Julai aliandika: "Wiki hii nashukuru kwa barua ya mama yangu. Alikuwa hajui hata herufi moja. Alijiunga na kisomo kijijini, na sasa ananiandikia kurasa mbili kwa mkono wake mwenyewe."

Ijumaa watoto walijazana ubaoni. Yotamu alisoma mara mbili. Wiki iliyofuata Kashindye aliandika barua nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Katika barua hizo mama alimwita "mwanangu mpendwa" na kumsimulia mambo ya nyumbani. Kidogo kidogo alianza kuzingojea mwenyewe, kana kwamba kweli zinakuja.

Hakujua kwamba gazeti lile lilikuwa na wasomaji wengine. Jumatatu na Jumatano, saa tisa alasiri, akina mama wa Iyunga walikuja shuleni kwa kisomo cha watu wazima, na mlango wa darasa lao ulitazamana na ubao ule. Mama Antoni alikuwa mmoja wao, ila alikwisha acha. "Kichwa changu kimekomaa kama gogo," alikuwa akisema. "Herufi zikiingia, zinatokea upande wa pili."

Jioni moja aliingia nyumbani na daftari chini ya kwapa.

"Nimerudi darasani," alisema. "Jirani kanisomea lile andiko lako. Nikajiuliza, wifi yangu anakamua ng'ombe arobaini na bado anaandika kurasa mbili. Mimi na huyu Antoni mmoja nashindwa nini? Siku moja utanionyesha hizo barua."

"Nimezifungia sandukuni," Kashindye alijibu, akiyatazama makaa.

"Sawa, mwanangu. Barua za mama ni za mtu na mamaye."

Mama Antoni alishika penseli kwa nguvu kana kwamba ni mwiko wa ugali. Usiku na mchana aliandika jina lake, Paskalina, hata kwa kijiti kwenye majivu. Akawarudisha darasani na majirani zake wawili.

Jumatatu moja Mwalimu Helena alimwita Kashindye ofisini. Alikuwa mwalimu kijana, mwenye sauti ya upole.

"Akina mama walioandikishwa ni ishirini na wawili," alisema. "Waliobaki ni tisa. Hao tisa wanamzungumza mama yako kila siku. Jumatano niletee barua yake moja uwasomee. Wakiisikia, huenda na wengine watarudi."

Kashindye alitaka kusema. Mdomo ukafunguka, lakini lililotoka ni, "Ndiyo, Mwalimu."

Jumanne alasiri, Mama Antoni akiwa sokoni, alichana karatasi, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko upinde kama wa mtu anayejifunza. Aliandika, "Mwanangu mpendwa." Akasimama hapo. Mama hakuwahi kumwita hivyo. Alijaribu kumsikia akiyasema maneno yale, sauti haikuja. Aliandika mstari wa pili, wa tatu, na kila mstari ulimsogeza mama mbali zaidi, mpaka akaona anaandikiwa na mwanamke asiyemjua. Hata hivyo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatano darasa lilikuwa limejaa. Habari zilikuwa zimeenea, na akina mama kumi na wanane walikaa kwenye madawati madogo, magoti juu, watoto migongoni. Mama Antoni alikaa mbele kabisa. Alikuwa amevaa kanga yake ya sikukuu.

"Wifi yangu huyo anayesomwa," alimnong'oneza jirani.

Kashindye aliikunjua karatasi. "Mwanangu mpendwa," alisoma. Aliinua macho, akamwona Mama Antoni akiinamia daftari, anajaribu kuyaandika maneno yale jinsi anavyoyasikia, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kwa jitihada.

"Barua hii nimeiandika mimi," Kashindye alisema.

Mwalimu Helena alisogea. "Unasemaje?"

"Barua zote nilizitunga. Mama yangu hajui kusoma wala kuandika. Hajawahi kuniandikia."

Kisha mwanamke mmoja nyuma alisimama, akakaza mbeleko. "Basi tumeacha kazi zetu ili tudanganywe na mtoto," alisema, akatoka. Wawili walimfuata. Mama Antoni hakumkaripia Kashindye. Alifunga daftari lake taratibu, akaliweka juu ya dawati, akaondoka bila hilo daftari.

Wengine walipokwisha kwenda, Mwalimu Helena alikaa kando ya Kashindye.

"Kwa nini?"

"Kila mtu ana kitu kutoka kwao, Mwalimu. Mimi napata salamu tu."

"Salamu zinasemaje?"

Kashindye alifikiri, akaona haya upya. "Sijui. Huwa simsubiri mzee amalize."

Mwalimu aliichukua ile karatasi, akaikunja. "Umewaambia ukweli mbele ya wote, hilo si dogo. Lakini umetunga maneno ya mama yako hali maneno yake yalikuwa yakikufikia mlangoni. Nenda kayasikilize."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Antoni alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea maji ya moto kama kawaida, ila ucheshi wake ulitoweka. Alhamisi jioni Kashindye hakuandika, na Ijumaa kona yake ikabaki tupu. Jumamosi alikwenda Mwanjelwa kwenye duka la Mzee Othmani, akamkuta anapima chumvi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua salamu zangu."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu ya miwani. "Leo huna mbio? Mwanangu, mimi mzigo wa mtu siutupi njiani. Lakini huu wako nimekaa nao tangu mwezi wa pili, na mama yako kila mwezi anauongeza. Haniachii kuwasha gari mpaka nimemrudia maneno yake mara tatu, kama mtoto wa chuoni anayekariri Kurani. Kaa kitako."

Kashindye alikaa juu ya gunia. Mzee Othmani alifuta mikono, akayasema yote pole pole, huku amefumba macho asije akapunguza neno. Alipomaliza, Kashindye alimwomba ayaseme tena.

Alhamisi iliyofuata aliandika, na Ijumaa ubao ukawa na maneno haya:

"Nawaomba radhi akina mama wa kisomo na wanafunzi wenzangu. Barua nilizozishukuru hazikuwapo. Wiki hii nashukuru kwa salamu za mama yangu, zilizoletwa na Mzee Othmani. Mama anasema hivi: Mwambie Kashindye, ng'ombe wake mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Mwambie siku ile alipopanda gari sikusema neno kwa sababu ningefungua mdomo ningemrudisha nyumbani. Mwambie kila asubuhi nikikamua, namwekea maziwa yake kibuyuni. Jioni nampa mdogo wake ayanywe, kwa kuwa hayawezi kumfikia. Kesho yake namwekea tena."

Watoto walisoma bila kusukumana. Yotamu alibaki nyuma ya wenzake. "Ndama ameshapewa jina?" aliuliza. Kashindye alitikisa kichwa. "Basi uulize," Yotamu alisema, akaenda zake.

Alasiri, Kashindye akifagia baraza, alimwona Mama Antoni amesimama mbele ya ubao, Antoni mgongoni, kidole chake kikitembea chini ya maneno. Siku hiyo haikuwa ya kisomo. Kashindye alisogea, fagio mkononi.

"Nisamehe, Mama Antoni."

Mama Antoni hakugeuka mara moja. "Uliniumiza," alisema. "Nilikuwa najisifu sokoni kwa barua ambazo hazipo. Lakini lililoniuma zaidi si hilo. Jirani kanisimulia kwamba wifi yangu anaweka maziwa kila siku, na wewe unamshukuru kwa karatasi. Sikiliza, mwanangu. Ukimshukuru mtu kwa asichokupa, unamnyima shukrani ya kile alichokupa. Na hata yeye mwenyewe unampoteza, unabaki na mtu wa kubuni. Shukrani ni ukweli kwanza. Ukipata kidogo, sema kidogo. Ukikiangalia vizuri kile kidogo, huenda kikakushinda kubeba."

"Nimesikia."

"Na mimi Jumatatu nitarudi darasani. Nilirudi kwa uongo wako, sasa nitakaa kwa sababu zangu." Alicheka kidogo, kicheko chake cha zamani. "Tena nimesoma hapa peke yangu, nimepita ndama mpaka kwenye mdomo. Hili neno refu ndilo limenigomea. Nisomee."

Kashindye aliangalia kidole kilipoishia. "Ningemrudisha," alisoma. "Ningemrudisha nyumbani." Akaendelea, "Mwambie kila asubuhi nikikamua, namwekea..."

Sauti ilimkauka. Alijaribu tena, ikakataa. Likizo ilikuwa bado wiki sita.

Mama Antoni hakumhimiza. Alimvuta kwa mkono mmoja mpaka ubavuni, mkono mwingine ukaweka kidole chini ya neno lililofuata. Alikunja uso, akavuta pumzi, akaanza kumsomea.

"Ma... zi... wa," alisema. "Maziwa. Ya... ke."