Herufi Nne Kwenye Kopo la Gundi

Fundi makochi alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita. Kiswahili alikisoma polepole, kidole kikitangulia. Kiingereza kilimpiga chenga. Kwa hiyo kila kopo jipya lilipoingia nyumbani, alimwita binti yake wa darasa la saba.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele. Upande wa dirishani fundi alipaka gundi kwenye sponji. Upande wa ukutani mke wake alinyoosha vitambaa kwa pasi ya mkaa. Gundi waliyoizoea iliandikwa FLAMMABLE. Binti alikuwa amewaeleza kwamba maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Basi siku ya gundi, pasi ilitumika uani.

Alhamisi moja duka liliishiwa gundi ile. Fundi akarudi na kopo la aina nyingine.

"Nisomee hapa, mwanangu," alisema.

Binti akageuza kopo. "INFLAMMABLE. Baba, hii ina IN mbele."

"IN ndiyo nini?"

"Ni ya kukataa. CORRECT ni sahihi, INCORRECT si sahihi. Kwa hiyo hii haishiki moto."

Fundi alifurahi. Nje kulikuwa na manyunyu, na mteja alitaka makochi yake Jumamosi.

"Mama watoto, leo usitoke na pasi. Gundi hii haina neno."

"Una hakika?" mke wake aliuliza.

"Msomi wetu kasoma."

Wakafanya kazi bega kwa bega. Dirisha lilifungwa kwa sababu ya mvua. Fundi alikuwa kwenye mto wa tatu aliposikia mvumo mfupi. Moto ulitambaa sakafuni kutoka kwenye pasi hadi kwenye sponji, kana kwamba kuna mtu aliyeumwagia njia ya mafuta. Mke wake alivuta kitambaa kisiungue. Mkono wake wa kulia ukaungua, kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Jirani yao alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Watu walimwita Mama Stoo. Alisikia kelele, akaja na ndoo ya mchanga. Yeye na fundi wakaufukia moto. Kisha akamwongoza mgonjwa bombani.

"Dawa ya meno inapoza," fundi alisema, akiwa ameshika mswaki na dawa.

"Hapana, shemeji. Wala mafuta usimpake. Maji safi yanayotiririka, dakika ishirini. Halafu zahanati."

Fundi akatii. Akaiweka dawa chini, akafungulia bomba.

Zahanati walimfunga bendeji. Walisema kidonda kitapona ila kovu litabaki. Binti hakula chakula cha jioni. Kesho yake baba alimpa gazeti amsomee neno moja. Akasema hajui, akatoka.

Mama Stoo alikuja asubuhi hiyo kumjulia hali mgonjwa. Akaliona kopo, akamwita binti.

"Wewe ndiye uliyesoma?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ulisoma kama walivyosoma watu wazima wengi kiwandani kwetu. IN mara nyingi hukataa. Kwenye neno hili haikatai. FLAMMABLE na INFLAMMABLE ni kitu kimoja: hushika moto upesi."

"Sasa mtu atajuaje?" fundi aliuliza.

"Usihangaike na neno zima. Tafuta herufi nne zinazofuatana: F, L, A, M. Ukizikuta ndani ya neno lolote kwenye kopo, simama. Tazama kama kuna picha ya ulimi wa moto. Weka mbali kwanza, maswali baadaye."

"Lakini pasi haikuigusa gundi," mke wake alisema. "Ilikuwa kule ukutani."

"Gundi ikikauka hutoa mvuke, wifi. Huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini hadi ukutane na kaa. Na dirisha mlilifunga."

"Kuna neno lenye hizo herufi ambalo halina hatari?" binti aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema sentensi nzima tangu jana.

"Lipo. NONFLAMMABLE. Hiyo NON ndiyo inayokataa. Hata hivyo, ukiiona, muulize anayejua kabla ya kusogeza moto."

Wakaanza kupekua nyumba. Fundi alitumia kidole chake, herufi kwa herufi. Alizipata zile nne kwenye thina ya kuzimulia rangi na kwenye vanishi. Binti alizipata mahali ambapo hakuna aliyepafikiria: kwenye kopo la kupulizia mbu, lililokaa miaka yote kando ya jiko.

Jumapili fundi aliezeka kibanda kidogo uani, kilicho wazi pande tatu. Makopo yote yenye FLAM yakahamia huko, na gundi ikapakwa huko. Pasi ikabaki chumbani. Ndoo ya mchanga iliwekwa mlangoni. Makochi ya mteja yalichelewa siku sita. Mteja alinuna, lakini aliyachukua.

Wiki tano baadaye mke wake alirudi kwenye pasi. Siku hiyo hiyo alikuja mteja mwingine, mwalimu mstaafu, sigara mkononi. Akaelekea kibandani kukagua viti vyake.

"Mzee wangu, samahani," fundi alisema. "Sigara ibaki nje ya geti."

Mwalimu akainama kutazama kopo. "Mbona limeandikwa INFLAMMABLE? Hiyo si haishiki moto?"

Fundi alifungua mdomo, lakini binti alikuwa ameshafika.

"Inashika, babu," alisema. "Hata mimi nilikosea hapo hapo. Tazama hizi nne za katikati."

Akamwonyesha kwa kidole. Mwalimu mstaafu alisoma mara mbili, akarudi getini, akaikanyaga sigara yake mpaka ikazimika.