Mgongo wa Gauni

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi, kushona vifungo na kulaumiwa.

Wiki ile alikuwa anashona gauni la bibi harusi. Binti mwenyewe alitaka gauni kama la bibi harusi wa kwenye tamthilia, na harusi ilikuwa Jumamosi. Picha aliyoleta ilionyesha mbele tu.

"Mgongo nitautazama nikiufikia," alisema mke wangu. "Tamthilia si tunayo kwenye huduma ya filamu mtandaoni? Haikimbii."

Ikakimbia. Jumatano aliwasha televisheni, akatafuta, akatafuta tena. Hakuna.

"Baba watoto, umefuta tamthilia yangu!"

"Haki ya Mungu sijaigusa!"

"Kwa hiyo imekwenda sokoni yenyewe? Yule binti ataingia ukumbini na nusu gauni? Nitauficha wapi uso wangu?"

Alikuwa karibu kulia, nami nikamwonea huruma. Nikashika simu ili nilipie huduma nyingine.

Wakati huohuo jirani yetu, fundi wa kebo, aliingia kuchukua suruali yake.

"Ngoja kwanza, jirani," akasema. "Unalipia, na hujui kama iko huko?" Akamgeukia mke wangu. "Shemeji, haikufutwa. Imehama. Wenye huduma hawamiliki kila wanachoonyesha. Vingine wamekodi, kama mpangaji anavyokodi chumba. Mkataba ukiisha, mwenye mali anampa mwingine."

"Ndiyo waiondoe bila hata kuaga?"

"Mara nyingi huaga. Huandika kwenye skrini: itaondoka tarehe fulani."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama vifungo. Ukweli ni kwamba maandishi niliyaona. Nikabonyeza "Sawa" yapotee, maana mpira ulikuwa unaanza.

"Nilijua tu!" alisema mke wangu.

Jirani akaandika jina la tamthilia kwenye simu yake. "Kabla ya kulipa, fanyeni hivi. Tafuteni iko wapi, na itakaa hadi lini. Hii sasa inaonyeshwa kwenye kebo. Harusi ya kwenye tamthilia ni kesho, saa kumi na moja jioni. Njooni kwangu. Ila kebo yangu hairudishi nyuma. Ikipita, imepita."

Kesho yake tulikaa mbele kabisa. Bibi harusi akatokea. Bwana harusi akamkumbatia, mkono ukafunika mgongo wote.

"Toa mkono, wewe!" alipiga kelele mke wangu.

"Hatoi huyo," alisema mama yake jirani, mtazamaji wa kila siku. "Namjua."

Mara akatoa. Nikachomoa simu nipige picha. Imezima! Karatasi nayo hakuna.

"Geuka!" mke wangu aliniamuru. Akatoa chaki yake ya kushonea, akachora gauni lote mgongoni mwa shati langu: vifungo sita, mkanda na fundo lake.

"Usiegemee kitu! Usijikune!"

Nilirudi nyumbani wima, nikiwashwa njia nzima.

Jumamosi yule binti alipogeuka ukumbini, watu walipiga makofi. Mke wangu alilia kwa furaha.

Siku hizi tunatafuta kwanza, ndipo tunalipia. Nami sibonyezi "Sawa" kabla sijasoma. Lakini shati langu bado limetundikwa juu ya cherehani, na chaki yake. Kila nikiomba lifuliwe, mke wangu hunijibu, "Tarehe ya kuondoka itatangazwa."