Gari la Viti Viwili

Jua lilikuwa linataka kuzama Badar alipofika Bububu kuchukua gari lake. Gari lake! Njia nzima alikuwa akilisema neno hilo peke yake, kama mtoto aliyeahidiwa nguo za sikukuu. Na kila alipolisema kulikuwa na kitu kinamkwaruza moyoni. Akikohoa, kinatulia.

Lilikuwa Datsun la michezo, la zamani, jekundu, pua ndefu na mgongo wa kulala. Milango miwili na viti viwili tu. Msabah, mwenye kuliuza, aliliteremsha kutoka Dubai zamani, enzi zake za kupenda mbio. Sasa, mwaka wa tisini na saba, kiuno kilikuwa kimemkatalia; kuingia mle ndani adhabu, kutoka ndiyo usiseme. Badar alilitolea macho tangu yuko skuli. Kazi yake ilikuwa kuendesha basi dogo la wageni wa hoteli, Uroa na mjini, mjini na Uroa, lakini roho yake ilikaa Bububu chini ya turubali la Msabah.

Sasa tusizungushe maneno. Fedha za kulinunulia alizipata wapi? Alimwibia mama yake.

Na afadhali angeiba noti. Mama yake, Bi Muzna, alikuwa na mtu wake asiyeonekana. Wengine huita ruhani, wengine shetani. Yeye akimwita Mgeni. Kila Alhamisi jioni akimfukizia udi. Vitu vya Mgeni vilikaa ndani ya kisanduku juu ya kabati: jambia la fedha, pete ya akiki na mrashi wa marashi ya mawaridi. Haviguswi. Nyumba nzima pale Kikwajuni ilijua haviguswi, hata paka alijua. Lakini Bi Muzna alikuwa yuko kitandani muda, miguu imevimba, pumzi fupi, na Badar akajisemea: huyu hana nguvu hata ya kuinua kifuniko. Mchana mmoja, mama amelala, akavitoa. Mahali pake akatia misumari na vipande vya bomba, akavifunga kwa kitambaa kilekile cheupe ili uzito usipotee.

Alipokuwa anakifunga kisanduku, mama alijigeuza, macho hata hayajafunguka.

"Badar, ushakula?"

"Nshakula, mama."

Akatoka na vile vitu ndani ya mfuko wa sokoni, akavipeleka Mji Mkongwe kwa Mabrouk, muuza vitu vya kale. Hakugeuka nyuma. Angegeuka, labda hadithi hii isingekuwepo.

Basi, Msabah akampa ufunguo, akalipapasa gari mgongoni kwa mara ya mwisho, akaingia ndani kuwahi magharibi. Badar akaliwasha. Loo! Ule mngurumo ulimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kifuani. Akalitoa barabarani, anacheka peke yake.

Hakufika mbali.

Kwanza ilikuja harufu. Udi... Si wa kununua dukani. Udi wa Alhamisi, ule wa chumbani kwa mama.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Halafu kiti cha kushoto kikalia. Kwiii... Mlio wa springi kuukuu, mtu mzima anapokaa na kujiweka sawa.

Badar hakutazama. Macho mbele, mikono imeshika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Akaanza Ayatul Kursi. Akafika katikati, ikamponyoka. Akaanza tena. Ikamponyoka palepale.

Mbele kulikuwa na askari wa barabarani, kijana, tochi mkononi. Badar hajapata kufurahi kuona askari maishani mwake, ila siku ile. Akasimama, akateremsha kioo.

"Leseni," alisema askari. Tochi ikapita usoni kwa Badar, ikaenda upande wa pili. Ikazimwa haraka, kwa adabu.

"Ah. Samahani. Shikamoo, mzee."

Badar akafumbua mdomo amuulize anamwamkia nani.

"Marahaba," ikajibu sauti kavu, karibu kabisa na sikio lake.

"Haya, piteni," askari akasema. "Lakini twende taratibu, ndugu yangu. Una mzee humo."

Vipi alifika Kikwajuni, mwenyewe hajui. Analokumbuka ni mlangoni: mama yake amesimama. Amesimama kwa miguu yake! Kajitanda kanga safi, uso unang'aa. Wafaa, dada yake Badar, yuko nyuma yake analia na kucheka kwa pamoja.

"Kainuka mwenyewe," alisema Wafaa. "Magharibi ilipoadhiniwa tu. Kaniomba chai, kaniomba na mkate. Miguu imenywea, njoo uone!"

"Najihisi mwepesi, mwanangu," Bi Muzna alisema. "Sijapata kuwa mwepesi hivi tangu wewe mdogo."

Halafu akatazama nyuma ya bega la Badar, kwenye gari. Akatazama kiti cha kushoto. Kicheko kikamkatika.

Hakuuliza gari la nani. Alirudi chumbani, akapanda juu ya kigoda, akakiteremsha kisanduku mwenyewe. Misumari ikamwagika sakafuni.

"Wafaa, hebu katazame maji jikoni."

Wafaa akatoka. Wakabaki wawili.

"Umeviuza."

"Mama, nisamehe. Ntavirudisha. Kesho asubuhi nnakwenda kuvirudisha."

"Hujui ulilolifanya," alisema kwa sauti ya chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Badar kuliko kupigwa kofi. "Ulikuwa ndiyo kwanza unatambaa. Homa ikakupanda mpaka macho yakageuka meupe. Alikuja kukuchukua wewe, Badar. Si mimi. Nikamwambia muache mwanangu, kaa kwangu, ntakutunza, ntakupa kila unachokitaka. Akakubali. Vile vitu ndivyo vilivyomkalisha. Nimekaa naye umri wote huu ili asikukumbuke."

"Na sasa?"

"Sasa mimi nimepona." Akaikusanya misumari mmoja mmoja, akairudisha kisandukuni. "Nimepona kwa sababu ametoka."

Asubuhi Badar alikwenda kwa Mabrouk kwa miguu. Gari hakuligusa. Mabrouk alimsikitikia, kweli alimsikitikia, akamkalisha na kahawa akampa.

"Vimeshapanda ndege, ndugu yangu. Wamevichukua Wazungu, mke na mume. Mimi hata majina yao siyajui."

Aliporudi viatu vilikuwa vinambana. Kutoka Darajani mpaka nyumbani, njia ya kila siku, alikuwa akipumzika kila hatua chache kama kizee. Adhuhuri miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea. Homa ikapanda. Alasiri pumzi ikawa fupi, na kila akifumba macho alisikia springi za kiti zikilia nje. Kwiii... Anajiweka sawa. Anamngoja dereva.

Jioni Bi Muzna alitoka chumbani amevaa nguo nyeupe, chetezo mkononi, moshi wa udi unamzunguka. Alimkuta Badar ukumbini, kajiegemeza ukutani.

"Njoo unifungulie mlango wa gari."

Badar alifahamu. Tusimtetee, alifahamu vizuri sana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Angeweza kusema hapana. Angeweza kuutupa chooni, angeweza kumkumbatia mama yake asimwachie. Homa ilikuwa inamtetemesha, na kifo alikuwa anakiona, na alikuwa anakiogopa.

Akajikokota mpaka barabarani, akafungua mlango wa kushoto.

Bi Muzna akainama. Akazungumza na giza la mle ndani, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyeudhika.

"Viti ni viwili, na kimoja cha dereva," alinong'ona. "Nipishe. Tutakaa mimi na wewe, kama zamani."

Kwiii... Kiti kikalia.

Kisha akaingia, akakaa, akaufunga mlango mwenyewe. Moshi ukajaa mpaka uso wake hauonekani tena. Badar alisimama nje. Alisikia mnong'ono wa mama yake, halafu ile sauti kavu, halafu wote wawili kwa pamoja.

Homa ikamtoka palepale. Jasho likammwagika, miguu ikawa yake tena, kifua kikafunguka. Na Badar akafurahi. Wallahi, alifurahi kwanza. Aibu ilikuja baadaye, na tangu ilipokuja haijaondoka.

Yeye na Wafaa walimbeba mama yao kumrudisha kitandani. Miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Hakulalamika. Kila Badar akiingia na uji, mama alimtazama kwa upole uleule, na Badar akitoka haraka, akisema ana kazi. Kazi gani? Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba akijiuma vidole.

Gari akaamua kuliuza. Alijiambia ni kwa ajili ya dawa za mama. Usimwamini, alitaka lisiwe mbele ya macho yake.

Mnunuzi alikuwa Jecha, fundi mmoja mcheshi wa Michenzani, aliyefika baada ya alasiri. Dirisha la chumba cha Bi Muzna lilitazama barabarani, na Wafaa alikuwa ndani anamkanda mama yake miguu. Jecha akalizunguka gari, akaligonga gonga bati, akasifu rangi.

"Halina ubaya wowote?" aliuliza.

Badar alikuwa amelifikiria swali hilo usiku kucha.

"Halina," alisema.

Jecha akafungua mlango wa kushoto atazame ndani. Mara akarudi nyuma, akavua kofia yake.

"Aa, hukunambia kama kuna mtu." Akainama kwa heshima, anatabasamu. "Shikamoo, bibi."

Kiti kilikuwa kitupu. Badar alikiona kwa macho yake, ngozi imebonyea katikati na hakuna aliyekaa.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti haikuwa kavu. Ilikuwa sauti anayoijua tangu yuko tumboni.

Badar akainua macho kwenye dirisha. Wafaa alikuwa amesimama pale, mikono kichwani, mdomo wazi, kilio bado hakijatoka.

Ndani ya gari springi zikalia. Mtu alijiweka sawa, akamgeukia.

"Badar," ikasema ile sauti, kwa upole uleule. "Ushakula?"

Jecha alikuwa anamtazama, anasubiri amjibu bibi.

"Nshakula, mama," alisema Badar.