Wateja Waliotumwa kwa Nassib

Jumapili hiyo nyumba ya Pudensiana, kule mtaa wa Ilembo, ilikuwa imetulia. Mumewe Silvesta alikuwa akimenya karanga barazani, na binti yao Monika, mwenye miaka sita, akimwibia punje. Pudensiana mwenyewe, mfamasia wa duka moja la dawa mtaa wa Nsemulwa, alikuwa jikoni. Ungepita hapo, ndugu msomaji, ungesema hawa hawana shida.

Jioni Monika akashikwa na homa. Pudensiana alimimina dawa kwenye kijiko, akasoma lebo, akairudisha dawa kwenye chupa. Akamimina tena, akairudisha tena. Mara ya nne dawa ikamwagika mkekani.

"Mama Monika, mtoto anaungua!" alisema Silvesta.

"Mpe wewe. Mimi nitamuua."

Silvesta akampa. Homa ilishuka, lakini kauli ile ya mkewe haikumtoka kichwani.

Kisa chenyewe ni hiki. Miezi mitatu nyuma, siku ya wateja wengi, Pudensiana alimwandikia Hana, mama wa familia ya wafugaji, ampe mwanawe vijiko viwili vya dawa ya mafua badala ya nusu kijiko. Mtoto alilala usingizi mzito hadi akalazwa hospitali. Siku ya pili alipona, na Hana akasamehe. Pudensiana hakujisamehe. Alinyamaza, maana aliamini mfamasia akikiri ana hofu ataonekana hafai kazi. Akaanza kuhesabu vidonge mara tano tano. Mwishowe akawa anawaambia wateja, "Nenda kwa Nassib."

Nassib alikuwa na duka lake la dawa karibu na soko. Mwingine angefurahia wateja wa bure. Yeye alijiuliza: mtu anatokaje Nsemulwa kufuata vidonge vya kichwa? Jumatatu mchana akafunga duka, akamfuata Pudensiana kazini.

"Dada Pudensiana, habari za kazi?"

"Nzuri tu, kaka."

"Si nzuri. Wiki iliyopita uliniletea watu kumi na saba. Unaumwa nini?"

Pudensiana alijaribu kucheka, akashindwa. Akasimulia yote huku analia.

"Mimi mgonjwa wangu hakupona," Nassib alisema baadaye. "Mzee mmoja, nikiwa mgeni kazini. Nilimpa dawa ya mtu mwingine. Nilitoa taarifa, nikaadhibiwa, ilikuwa haki. Lakini miaka minane sikumwambia mtu yeyote ninavyoteseka. Usifanye kama mimi."

Kesho yake alimsindikiza kwa mshauri wa afya ya akili. Kisha akamwomba Joséline, mfamasia mwenzao, asimame na Pudensiana kaunta kila asubuhi: mmoja anasoma, mwingine anahakiki mara moja tu, dawa inatoka. Siku za kwanza Pudensiana alilowa jasho. Wiki ya tatu alihudumia peke yake, ingawa hata leo kuna siku mkono unasita.

Sasa wafamasia saba wa mjini hukutana kila Alhamisi. Kila mmoja huulizwa wiki yake imekwendaje. Mwezi uliopita Joséline alisema, "Leo nimechanganya chupa mbili. Nimegundua mteja akiwa mlangoni, nikamrudisha. Bado natetemeka."

Pudensiana akasogeza kiti chake karibu naye. "Tuambie yote," alisema. "Hatuna haraka."

Funzo

Ndugu zangu, anayetupatia dawa naye huumwa. Kosa litolewe taarifa, lakini aliyelifanya asiachwe peke yake na hofu yake, maana hofu iliyofichwa huzaa kosa lingine. Nyie mnaofanya kazi moja, mkiona mwenzenu amebadilika, msingoje aombe msaada. Nendeni mkamuulize.